Fainali Ndani ya Kaseti ya Ndungu

— Na yule mzee wa taji aliyekuwa akilia, mwishowe alisaidiwa na nani?

Syokau muuza kahawa ndiye aliyeuliza, birika la kahawa ya tangawizi mkononi. Macho yetu yote yalikuwa kwenye tivi. Nzuki alikuwa amepata kona.

Hiyo ilikuwa mjini Salama, mwaka ule serikali ilipofunga chuo chetu na kuturudisha makwetu kama mbuzi waliovamia shamba. Nilirudi na hoja zangu zote, na mahali pekee pa kuzitumia palikuwa benchi la Ndungu: ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, nje ya duka lake la vipuri, ukitazama barabara ya Mombasa. Ndungu alikuja kutoka Murang'a zamani, akazeekea hapa, na kutoka kwa mitumba ya bandarini alijipatia mashine ya michezo ya tivi yenye kaseti moja tu, maandishi yote ya Kijapani. Tivi aliiweka juu ya kaunta na kuiwasha kwa betri ya lori, mlango wazi, ili benchi lote lione. Kila alasiri Nzuki, fundi wa pancha wa ng'ambo ya barabara, alifuta mikono kwa petroli na kuingia kucheza. Sisi tulimwita Wingi, jina la mchezaji wa pembeni, kwa sababu huo mguu wake wa kushoto uliwahi kuwa mali ya mji mzima. Jonah alikuwa shemasi kanisani. Yeye alidai huketi hapo kupumzisha magoti tu, lakini ile tivi aliitazama vile mtu hutazama sufuria ya jirani.

— Wingi, piga chini, Jonah alisema. Huyo kipa ni kobe, hawezi kuinama.

Kipa alikuwa kobe kweli. Kaseti ilianza na mfalme akilia, akimkabidhi kijana upanga. Kijana alivuka msitu, akapigana na popo na nyoka wenye pembe, akafika kijiji fulani, akauegemeza upanga kwenye mlingoti wa goli na kuingia uwanjani. Watano kwa watano, watazamaji wana masikio ya sungura.

— Lakini upanga ni wa nini kwa mtu wa mpira? aliuliza Syokau.

— Mama, wewe hujawahi kutembea kwenda mechi, Nzuki alisema bila kugeuka. Sisi tulienda kucheza upande wa Zombe na panga mbili na tochi. Bila panga hungefika hata hafutaimu.

— Na mfalme?

— Mwenyekiti wa timu. Analia kwa sababu walishushwa daraja.

— Si binti yake alichukuliwa? nikasema. Tumemwona akibebwa na joka.

— Chuo, hapo ndipo kusoma kunakupoteza, alisema Ndungu, aliyejiona mtaalamu kwa kuwa kaseti ni yake. Hao Wajapani kombe wanalichora kama msichana. Kombe liliibwa na timu ingine. Ndiyo stori yote.

— Na joka?

— Mwenye kuficha kombe, Jonah alidakia. Hayo ni mambo ya Ufunuo. Joka la vichwa saba ni kamati ya ligi, kila kichwa kinakula. Na kipa wamemfanya kobe kwa sababu penye miti hakuna wajenzi.

— Shemasi, hiyo methali inaingia wapi?

— Goli si ni miti?

Syokau alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanga. Nzuki akapiga kona, na msichana wa timu yake, mwenye nywele za kusuka na namba tisa mgongoni, akaruka juu ya wote akautia mpira wavuni kwa kichwa. Benchi likapiga kelele. Mimi pia nilipiga, halafu hasira ikanipanda.

— Mnaona? Amefunga, na hakuna aliyemwita arudi nyumbani eti maji yameisha.

— Huyo ni wa Japani, alisema Jonah.

— Japani hawanywi maji?

— Chuo, usianze.

Lakini nilikuwa nimeanza tangu nikiwa msichana wa darasa la tano. Uwanja wa Salama niliujua kutoka nje ya mstari wa chokaa. Nilisimama pale na mtungi wangu, nikimtazama Nzuki akiwapita mabeki kama upepo wa Agosti unaopita katikati ya nguo kwenye kamba. Kuingia ndani hakuna aliyeniruhusu. Nilijiambia nitakuwa mkubwa na nitaingia. Kabla sijawa mkubwa vya kutosha, uwanja ukaisha.

Nitasema ulivyoisha, maana benchi lilikuwa halisemi. Timu yetu ilifika fainali na Zombe, hapa nyumbani. Wiki ileile miti ya goli iling'olewa, nguzo za mwerezi zikasimamishwa, waya wa miiba ukazungushwa pande zote. Aliyeunyakua alikuwa mtu ambaye jina lake watu walilitaja kwa kuangalia nyuma kwanza. Jumamosi Zombe wakafika, wamepanda lori, wanaimba. Walishuka, wakauangalia waya, wakanywa kahawa ya Syokau wakiwa wamevaa jezi, wakarudi kwao. Nzuki alikuwa amevaa viatu vya mpira tayari. Alirudi kuziba pancha navyo.

Kwa hiyo mtu asidhani alikuwa akicheza tu. Kila aliposhinda ile mechi ya kaseti, babu mwenye fimbo alitokea na kusema maneno ya Kijapani, kisha ikaja mistari miwili ya kuchagua. Nzuki siku zote alichagua wa chini, na mpira ukaanza upya.

— Anatuuliza kama tuko tayari kwa fainali, alitueleza. Chini ni kusema bado, tufanye mazoezi. Juu ni ndiyo.

— Na utajibu juu lini?

— Leo.

Ndiyo sababu siku hiyo alikuja amenyoa. Jonah alikuwa amevaa koti la Jumapili siku ya Alhamisi, na hakuna aliyemuuliza.

Filimbi ya mwisho ikalia. Sungura wakaruka. Babu akatokea na fimbo yake.

— Haya, alisema Ndungu. Mwenda pole hajikwai. Bonyeza haraka!

— Ngoja Shemasi aombe.

— Siombei mashine, Jonah alisema, lakini kofia alikuwa ameshaivua.

Kidole cha Nzuki kilikuwa juu ya kitufe, cheusi kwa gundi ya pancha. Akasema polepole, kama anayeongea na tivi peke yake:

— Uwanja utakuwa mkubwa. Utakuwa na nyasi.

— Usibonyeze hapo!

Tuligeuka. Mlangoni alisimama Wamucii, msichana wa dada yake Ndungu, ameshuka tu kutoka Mombasa, begi bado begani.

— Hamjambo wazee. Ankoli, shikamoo. Bro, ukichagua ya juu, kijiji kinachomwa.

— Kinachomwa na nani?

— Na maadui. Babu anauliza kama uko tayari kwenda vitani. Ukisema ndiyo, unatoka, usiku huohuo wanachoma kila kitu. Huo uwanja hutauona tena. Mimi nimeimaliza hii kwa binamu zetu.

— Na fainali? aliuliza Nzuki.

— Fainali gani?

— Fainali. Ya mpira.

Wamucii alimwangalia, akatuangalia sisi, kofia ya Jonah, koti lake, na nadhani aliona kwamba ameingia mahali penye msiba bila kupiga hodi. Akashusha sauti.

— Hakuna. Mpira waliuweka pale wa kupumzikia tu, njiani. Unashinda hiyohiyo, unapewa dawa ya vidonda, basi. Gemu yenyewe ni kumwokoa binti ya mfalme.

— Kwa hivyo si kombe, alisema Syokau.

Ndungu alijikuna shingo. Jonah alirudisha kofia kichwani. Babu wa kwenye tivi aliendelea kungoja, fimbo ikipanda na kushuka. Nzuki hakuchagua juu wala chini. Aliweka vile vitufe sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyelala, akatoka nje akaketi mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti.

Wamucii alimfuata. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kumtuliza.

— Lakini unacheza vizuri, bro. Kumbe mko na timu? Huwa mnacheza wapi?

Lori la saruji lilipita, likatupigia vumbi. Nilimngoja Jonah, mwenye aya ya kila jambo. Nilimngoja Ndungu. Syokau aliinamisha birika juu ya kikombe cha Nzuki, likatoa matone na machicha ya tangawizi, akalisimamisha. Mimi mwenyewe nilifungua mdomo. Mimi niliyewahi kusimama mbele ya ukumbi mzima na kumwangusha kwa hoja mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne, nilikuwa na sentensi tatu kuhusu ardhi ya umma, zote zina vitenzi vizuri, na hata moja haikujibu swali la yule msichana.



Nzuki alikuwa anatazama ng'ambo, nyuma ya mabanda, ambako waya wa uwanja wa zamani ulianza na mahindi ya mtu yalikuwa yamekauka yakiwa wima. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unasugua vumbi, mbele, nyuma, mbele. Nikasimama mbele yake.

— Nzuki, inuka tuende. Nionyeshe goli lilisimama wapi.