Waya Mnene wa Fundi Milimita

Ndugu, majirani na mafundi mliofanya kazi na marehemu, familia imemtuma bintiye mkubwa awasomee maisha ya baba yao, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Milimita hata mkasahau kwamba alikuwa na jina jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pekee wa mshona viatu na mkewe, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi umeme tarehe 2 Desemba 1970, akiwa wa tatu darasani, ingawa maisha yake yote alisimulia kwamba alikuwa wa pili, na leo tunamsamehe.

Januari 1971 aliajiriwa na kampuni ya ujenzi, na mwaka 1974 alifanya kosa ambalo hakulificha kamwe. Mwenye nyumba mmoja alilalamika kwamba breka, ile swichi inayojikata yenyewe mzigo wa umeme unapozidi, ilikuwa ikikata kila mpangaji akipiga pasi, naye marehemu, badala ya kubadilisha waya mwembamba, akaweka breka kubwa, kelele zikaisha, na baada ya wiki tatu waya ukaungua ndani ya dari, chumba cha bibi mmoja mjane kikateketea na kila alichokuwa nacho, bahati nzuri mwenyewe akiwa sokoni. Tangu hapo hakubembelezeka: taa waya wa milimita moja na nusu, soketi mbili na nusu, jiko sita, na breka isiyozidi uwezo wa waya wake, kwa maana, alivyozoea kusema, breka hailindi pasi, inalinda waya. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, naye aliwacheka, akidai kwamba kwa fundi umeme kinga na kinga ndipo moto usipowaka.

Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa binti mwaka 1977, mapacha wa kiume mwaka 1980, na kitinda mimba mwaka 1984. Nyumba yao ilikamilika Julai 1988, akaitandazia nyaya kwa mikono yake, na kutoka kwenye mita akavuta waya wa milimita kumi na sita, mama akamtania akiuliza kama anataka kuwasha kiwanda, naye akajibu kwamba amepiga hesabu ya watoto wanne wakiwa watu wazima, na wenzi wao, na wajukuu, wote wamewasha kila kitu siku moja. Ndani ya mfuniko wa bodi ya umeme akaandika kwa penseli maneno kujaribu mzigo wote, tarehe, kisha akaacha nafasi ya kuijaza siku hiyo.

Watoto walikua wakatawanyika, mama akafariki tarehe 19 Agosti 2009, na marehemu akabaki na taa moja, redio na birika. Kila mwaka aliwapigia simu wote wanne, akiwaomba waje siku moja, si kwa zamu, aone kama nyumba itabeba, nao wakadhani anazungumzia umeme. Walikuja, lakini mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake, na aliyekuwa na udhuru mwingi kuliko wote ndiye huyu anayesoma. Jirani wa ukuta mmoja ametueleza kwamba jioni marehemu alikuwa akiwasha taa za vyumba vyote, akikaa kidogo katika kila kimoja, kisha akizima, na akiulizwa alisema anakagua.

Novemba 2023 moyo wake ulianza kudhoofika, akalazwa mara mbili, na daktari alipomweleza kwamba moyo umeelemewa, akauliza breka yake iko wapi, daktari akacheka, yeye hakucheka. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa muuguzi, watoto wote wanne wakiwa bado njiani. Ameacha watoto wanne na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule hasa, mafundi wenzake waliochimba na kubeba, na majirani mliojaa nyumbani jana jioni, mkawasha vyumba vyote, jiko, birika nne, pasi tatu za nguo hizi tulizovaa, vipaza sauti, na simu zenu zisizo na idadi, huku mapacha wakiwa wamesimama mbele ya bodi wakisubiri ikate, mpaka wakachoka kusubiri wakakaa chini wakalia. Leo asubuhi bintiye mkubwa ameijaza ile nafasi kwa penseli, tarehe 10 Juni 2024.

Pumzika kwa amani, Baba. Imebeba.