Papa Ézéchiel Aliyetufundisha Kuvalisha Mashini

Baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi katika lise yetu, sekondari ya masista, Papa Ézéchiel Hitimana, fundi wa chumba cha kompyuta, anastaafu leo, tarehe 2 Julai 2024. Tangu juma lililopita hakuna anayetulia chumbani humo. Tumesikia kwamba, akishaondoka, skrini zote kumi na nne zitarudishwa kwenye rangi moja ya kijivu, na wanafunzi wote watakatazwa kugusa mapambo yake.

Alianza kwa kufundisha daktilo, kwenye mashini za chapa zilizokuwa zikiruka herufi. Kompyuta zilipofika zilikuwa tayari zimezeeka. Akaziwekea Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu inakubali kubadilishwa sura yote: rangi, madirisha, saa, hata ubao wa chini wenye menyu. Kazi hiyo tunaiita kuvalisha. Mashini iliyopambwa hadi ikakwama ni bibi harusi. Mafaili yaliyofichwa, yale yanayotunza mapambo, tunayaita nguo za ndani. Papa Ézéchiel alitukataza neno hilo masista wakiwa karibu, kisha likamtoka yeye mwenyewe mbele ya Ma Sœur Préfète, sista mkuu wa lise.

Kila Jumamosi tuna défilé ya skrini, kila mtu akionyesha alivyoivalisha yake. Domitille aliwahi kuweka picha ya ziwa, na juu yake maandishi ya buluu. Darasa zima likamwuliza: «Dada, unasoma ao unaogelea?»

Mwaka jana mimi, Kahindo wa mwaka wa tano, nilitaka kuwashinda wote. Nikafuta nguo za ndani bila kuzinakili kwanza, jambo ambalo Papa alikuwa akitukumbusha kila siku. Ubao, menyu na saa vikatoweka. Nililia. Yeye hakugusa kibodi.

«Ni weye uliivua, ni weye utaivalisha, mama,» alisema, akaendelea kufagia.

Ilinichukua mapumziko matatu ya katikati ya masomo kuirudisha. Lakini Machi hii, mashini ya sekretarieti ilipoamka bila menyu katika juma la kuchapa buletini za alama, Papa alinituma mimi, na buletini zikatoka siku iliyopangwa.

Jana alijaza orodha ya makabidhiano: skrini kumi na nne, kibodi kumi na mbili, kiti kimoja chenye mguu uliofungwa kamba. Mwishoni, chini ya kichwa «Vitu vinavyofanya kazi vizuri», aliandika majina yetu ishirini na mawili, na pembeni: «Hawa ndio mafundi. Wasikatazwe kuvalisha.» Ma Sœur Préfète ameipokea. Bado hajatia sahihi.

Asante, Papa Ézéchiel, kwa subira yako na kwa mikono uliyoizuia ili yetu ijifunze. Mungu akupe afya, na nyumba yako ya mtaa wa Majengo iwe na furaha miaka mingi. Sisi hatujatulia bado. Maneno haya yakisomwa, Ma Sœur atakuwa ameketi safu ya mbele, orodha ikiwa mapajani mwake. Aliye karibu naye, tunaomba ampe kalamu.