Pilipili ya Nyamvula Haionekani Chupani

Ukishuka stendi ya Bombolulu ukashika njia ya vumbi inayoelekea Frere Town, utatukuta chini ya banda la mabati, palipo na benchi refu ambalo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Banda ni langu mimi, Munga. Nashona viatu, ndiyo maana wananiita Soli, jina nisilolipenda ila nimechoka kuwakataza. Mwenye kahawa ni Kazungu, na dele lake la shaba limekaa juu ya makaa tangu sote tukiwa na nywele. Baya tunamwita Wakili. Hajasoma sheria hata ukurasa mmoja, lakini kila wiki yuko kortini akisikiliza kesi za watu wengine. Musyoka ni mtu wa bara, fundi wa redio, na kwake yeye kila kinachoharibika duniani kimeharibika waya. Na kahawa ya hapa, nisikufiche, ina sifa zake. Wafanyakazi wa simiti wanatoka Bamburi na vumbi lao puani, wanakunywa vikombe viwili na kashata moja, na kifua kinafunguka papo hapo. Kazungu akiulizwa siri yake huinua mkono wa kulia, akautazama, akatabasamu.

Nyuma ya banda langu anakaa Nyamvula, mjane, mwenye dawa ya kifua. Dawa yenyewe ni ya mama mkwe wake: pilipili manga, tangawizi na mdalasini, vinachemshwa kwa maji mpaka nyumba nzima inapiga chafya, kisha anachuja kwa kitambaa cheupe, anatia asali, anajaza chupa. Watu wa mtaa wamekunywa dawa hiyo tangu wakiwa watoto wachanga. Sasa kina mama wa kanisani kwake wakapata wazo la kuipeleka madukani, na dukani hawataki maneno, wanataka chupa iandikwe ndani yake mna nini na kiasi gani. Hapo ndipo alipoitwa Purity, binti wa kaka yake, anayefanya kazi maabara ya chuo kimoja kule kisiwani Mombasa. Purity akachukua chupa tatu, akachukua na makapi yaliyobaki kwenye kitambaa, akaenda navyo kupima.

Jumamosi akarudi. Tulimwona tangu mbali, na Nyamvula aliyekuwa ndani akatoka mbio na mikono ina asali.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, tukaitika sote, hata Musyoka ambaye hapendi kuitwa mzee.

Msichana ana adabu. Alingoja shangazi yake anawe mikono, akaketi, akapokea kikombe, ndipo akasema.

— Shangazi, ile pilipili haionekani.

Nyamvula akamuuliza haionekani vipi, maana yeye ndiye aliyeitia sufuriani kwa mikono yake. Purity akaeleza polepole, nasi tukasogea. Kumbe wana mashine. Dawa inasukumwa ndani ya bomba jembamba lililoshindiliwa unga laini, na kila kilichomo kina mwendo wake: sukari inapita upesi, vingine vinafuata, na ule ukali wa pilipili manga, ambao wao wanauita piperini, unakokota miguu unatoka nyuma nyuma. Ukitoka, mashine inachora mlima. Mlima ukiwa mkubwa, pilipili ni nyingi. Kazi hiyo ina jina lake, kromatografia, na Baya alilirudia kwa sauti kama mtu anayeapishwa. Purity akatuonyesha simuni. Mstari ulikuwa unakwenda sawa, na pale pilipili ilipopaswa kutokea palikuwa na kichuguu tu. Chupa ya pili vilevile. Ya tatu hata kichuguu hakuna.

Nyamvula aliirudisha ile simu.

— Kwa hivyo miaka yote hii nimewauzia watu maji, akasema.

Hakusema kwa kulia. Alisema vile mtu anavyosema bei ya unga imepanda, na mimi kwa kweli nilijisikia vibaya, kwa sababu namjua. Huyu ni mtu ambaye chupa ikiwa na ufa mdogo haiuzi. Akaongeza kwamba kama ni hivyo basi ataacha leo hii, na Jumapili atasimama kanisani awaombe watu radhi.

Hapo benchi likaamka. Hatungemwacha mama wa watu aende kusimama mbele ya kanisa kwa ajili ya mashine ambayo hata hatujaiona.

Baya alianza, maana huanza yeye. Akasema mashitaka yamempata asiyehusika. Wenye makosa ni wauza viungo, wanachanganya pilipili manga na mbegu za papai zilizokaushwa, ukizitazama ni zilezile. Purity akasema ni kweli, wako wanaofanya hivyo. Baya akavimba. Kisha Purity akasema lakini pilipili ya shangazi aliipima pia, kabla haijapikwa, na ni pilipili safi. Baya akanywea kidogo, akasema basi anaomba kesi iahirishwe.

Musyoka akasema tatizo ni mashine.

— Hiyo kitu imetengenezewa baridi. Mtu ameifunga huko mbali akiwa na sweta. Ukiileta Mombasa na joto hili waya zinalegea, inaanza kuona vichuguu. Redio zenyewe hufanya hivyo.

Purity akamjibu kwamba chumba cha mashine kina ubaridi mchana na usiku, na kwamba kwanza walipitisha piperini tupu, ambayo uzito wake unajulikana, na mlima wake ukatoka vizuri. Musyoka akauliza ni nani alilipia huo ubaridi.

Nami nina akili zangu. Nikasema ni chupa. Chupa za plastiki zinakunywa. Tia mchuzi wa papa kwenye kopo la plastiki uone kama hiyo harufu itatoka tena maishani. Kwa hivyo pilipili iko, imo ndani ya ukuta wa chupa, watu wanachotakiwa ni kuitafuna chupa. Nilidhani nimesema jambo la maana, lakini Nyamvula aliniangalia, nikarudi kwenye kahawa yangu.

Kazungu ndiye aliyetupeleka mbali kabisa. Akasema kitu kikipimwa kinaona haya. Mtoto anaimba nyumbani siku nzima, wageni wakija anajificha nyuma ya mlango, na pilipili ni hivyohivyo. Ilipofika kwenye bomba ikasikia watu wanaizungumza, ikajificha. Baya akadai hiyo ni hoja ya kisheria, haki ya kunyamaza. Musyoka akasema kama ni haya, basi wazime taa za maabara. Hata Nyamvula alitaka kucheka, nikamwona akijizuia.

Purity alitusubiri tumalize. Kisha akasema bado hajatuambia habari ya makapi.

Akafungua picha nyingine. Jamani, ule haukuwa mlima, ulikuwa ukuta. Ulipanda mpaka ukagonga juu ya kioo. Akaeleza kwamba piperini haipatani na maji. Hupenda mafuta, hupenda pombe, lakini maji haiyataki, hata ukichemsha hukubali kidogo tu. Kwa hivyo Nyamvula akichemsha na kuchuja, harufu na tangawizi zinashuka chupani, na pilipili inabaki juu ya kitambaa.

— Hukuwadanganya watu, shangazi. Pilipili ulitia. Uliichuja ukaiweka kando.

Halafu akauliza, bila ubaya wowote:

— Kwani makapi huwa unayatupa wapi?

Nyamvula aligeuza shingo akamtazama Kazungu. Nami nikamtazama Kazungu. Baya na Musyoka wakamtazama Kazungu, na Kazungu akalitazama dele.

Maana kwetu chakula hakitupwi, na kiungo kilichonunuliwa hakitupwi. Tangu mama mkwe wake Nyamvula akiwa hai, yale makapi yanakuja kwenye sinia kwa Kazungu. Anayaanika juu ya mabati yangu, anayatwanga, anayatia kwenye kahawa. Tunaona kwa macho yetu kila wiki. Hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo, tulijua ni makapi tu.

Purity akachungulia kikombe chake, akakitikisa, akanywa tena taratibu, akakohoa kidogo. Akasema hahitaji mashine kujua pilipili imo humo.

Kazungu aliweka kikombe chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, na safari hii hakuuinua.

— Kwa hivyo mkono wangu si kitu, akasema.

Tulimwambia si hivyo. Nilimwambia mimi mwenyewe, na nilikuwa namaanisha, kwamba makapi hayajipiki, na kwamba wangepewa wengine wangeyachoma. Musyoka akasema dele zuri nalo ni kama spika nzuri. Ilimsaidia kidogo.

Nyamvula tayari alikuwa kwingine. Akamuuliza Purity afanyeje. Purity akasema ni jambo jepesi: asichuje. Asage pilipili iwe laini kabisa, aichanganye moja kwa moja na asali, na chupa iandikwe itikiswe kabla ya kunywewa. Yeye ataipima tena, na dukani wataikubali.

Ndipo Baya akashtuka. Akahesabu kwa vidole, akafika mwisho, akainuka.

— Asipochuja hapatakuwa na makapi.

Hapo, ndugu yangu, ungedhani tumevamiwa. Benchi lililokuwa linamtetea Nyamvula dhidi ya mashine sasa likaanza kulitetea dele dhidi ya Nyamvula. Baya akasema makapi ni haki ya kimila, hayawezi kuondolewa bila wenyeji kusikizwa. Musyoka, mtu wa bara, naye akajiita mwenyeji. Akapendekeza dawa iendelee kuwa maji na wagonjwa waje benchini kwa zamu. Mimi nikasema afadhali dukani wauze kahawa ndani ya chupa. Baya akadakia kwamba kumbe Frere Town nzima imekuwa haiugui kwa sababu yetu, na kwamba serikali ingejua ingetujengea paa. Kazungu peke yake aliendelea kuchochea makaa.

Nyamvula akatuacha tupige kelele mpaka tukachoka. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

— Makapi siwapi tena. Watu wananipa imani yao, nami nawapa maji, ninyi mnakunywa kilicho chao. Kazungu nitamnunulia pilipili yake, atie mwenyewe. Lakini ya dawa itakaa ndani ya dawa.

Kazungu akaitikia kwa kichwa, akasema ni haki yake.

Tulikuwa bado tunameza maneno hayo alipofika mtu ambaye hatukumjua, amevaa sare ya ulinzi, kofia kwapani. Akasalimia vizuri, akasema anaitwa Bramwel, analinda lango la hoteli moja Bamburi, na anamtafuta mama wa dawa ya kifua. Mwaka jana alinunua chupa kwa ajili ya mke wake. Mvua hizi zimemrudishia kifua kilekile, na mke amemwambia asirudi nyumbani bila chupa hiyo.

Nyamvula akasimama. Angeweza kumuuzia tu, mtu alishaanza kutoa pesa mfukoni. Lakini nilikwambia, namjua.

— Ile ya mwaka jana haikuwa na pilipili, baba. Imepimwa kwa mashine, leo ndiyo nimeambiwa. Karibu yote ilibaki kwenye kitambaa. Nitatengeneza nyingine, nzuri, uje wiki ijayo.

Bramwel alimtazama, akatutazama sisi, akidhani labda anataniwa.

— Lakini alipona. Alikuwa halali usiku, anakaa tu kitandani anakohoa. Akanywa ile chupa, akalala, na kabla haijaisha alikuwa mzima. Kama haikuwa na pilipili, alipona kwa nini?

Musyoka alianza kusema kitu cha waya, akakiacha njiani. Mimi nikashika kiatu nilichokuwa nimekimaliza asubuhi, nikaanza kukikagua upya. Mwishowe sote tukamgeukia Purity, aliyesoma.

Purity akasema huenda ni tangawizi, huenda ni asali. Huenda kifua kilikuwa kinakwenda kupona chenyewe. Alipima pilipili peke yake, hakupima kingine.

— Sijui, baba, akasema. Kweli sijui. Ila asipopata nafuu upesi, mpeleke hospitali.

Nyamvula alifuta macho kwa upindo wa leso. Akaingia ndani, akarudi na chupa moja ya zile za zamani, akamwonyesha.

— Hii ni ileile. Nimekwambia haina nini. Bado unaitaka?

— Naitaka, mama.

Akampa mkononi, na alipotaka kulipa akamkatalia. Bramwel akavaa kofia, akashukuru, akashika njia ya stendi. Kazungu akainamisha dele juu ya kikombe cha Purity, likatoa matone mawili matatu na masimbi ya kahawa. Tukakaa. Hakuna aliyeondoka.