Kiti Chekundu cha Mama Adina

Mheshimiwa Meya, Bi Mkurugenzi wa makumbusho haya, Mchungaji wetu, wazee wenzangu tuliotoka Jamaika na visiwa jirani, pamoja na watoto na wajukuu wetu mliozaliwa huku ughaibuni, hapa Handsworth: nawasalimu kwa heshima. Mimi, Egerton Pusey, dereva mstaafu wa basi, nasimama kwa madhumuni mawili: kushukuru kwa kufunguliwa kwa chumba hiki, na kuwasilisha ombi.

Sebule mnayoiona nyuma ya kamba ni ya marehemu mke wangu, Iselyn. Nani kati yetu hakuiogopa sebule ya namna hii? Vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na kukazwa kwa maji ya sukari, makochi yaliyovishwa plastiki, na amri kwamba asikae mtu! Siku moja, nikitoka zamu miguu imekufa ganzi, nilikikalia kile kiti chekundu, Iselyn akanifumania.

“Egerton! Inuka! Kiti kina mwenyewe.”

“Mwenyewe nani, kama si mwenye nyumba?”

“Mwenye nyumba ana kiti chake jikoni.”

Mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu, Mama Adina, ambaye kila Krismasi alituandikia kutoka Jamaika kwamba atakuja mwaka ujao. Hakuja. Alipougua, aliyebaki akimwogesha na kumlisha ni binti yake mdogo, Cleomie, ili Iselyn aendelee na kazi yake ya uuguzi huku. Tunapokisifu kizazi kilichosafiri, je, tumsahau aliyebaki ili wengine wasafiri? Iselyn hakumsahau. Baada ya msiba wa mama yao aliendelea kukifuta kiti kila Jumamosi, akisema: “Sasa ni cha Cleomie.”

Shemeji yangu Cleomie aliwasili juzi, safari yake ya kwanza huku. Hakumkuta dada yake, tulimzika Februari. Leo asubuhi alizuiwa kwenye kamba, kwa upole, naye akaniambia, “Shemeji, Iselyn kafa, lakini amri zake bado zinatembea!” Tukacheka, kisha nikamwona anageukia ukutani kufuta macho. Sasa amekaa pale mlangoni, kwenye kiti cha kukunja.

Natambua kwamba vitu hivi sasa ni mali ya umma, na kwamba niliyevikabidhi ni mimi. Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Mheshimiwa Meya, naomba uamuzi wako kabla hatujanywa chai: kamba ifunguliwe, shemeji yangu akae?