Agnes Koki Wachira (1956–1999), Mpenzi wa Filamu Aliyekataa Neno "Ghafla"

Wasifu wa marehemu, unasomwa na mdogo wake, Kamene Muindi
Mukurwe-ini, Nyeri, Jumamosi tarehe 2 Oktoba 1999

Dada tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Mwala, Machakos, mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Muindi Wathome na Mama Wavinya. Mkubwa wake ni Kyule, na kitinda mimba ni Kamene, anayewasomea maneno haya. Mwaka 1961 Mzee Muindi, aliyekuwa mchongaji wa vinyago, alipata nafasi kwenye banda la wachongaji karibu na Gikomba, akaihamishia familia Shauri Moyo, chumba kimoja. Mama anakumbuka kwamba Koki alipohadithiwa habari za zimwi lililomeza kijiji kizima, hakuuliza zimwi lilikuwa kubwa kiasi gani. Aliuliza lilikuwa halijala kwa siku ngapi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 katika shule ya msingi ya mtaa, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1969. Alipita vizuri, akaitwa shule ya bweni ya wasichana Machakos, ambako alisoma kuanzia 1970 hadi 1973. Hesabu zilimsumbua. Insha hazikumsumbua, ila mwalimu wake wa Kiswahili aliandika kwenye ripoti ya kidato cha tatu: "Koki husahihisha insha za wenzake kabla sijazisahihisha mimi. Akanywe." Baba alimkanya. Haikusaidia.

Mwaka 1974 alisomea kupiga taipu na hati mkato hapa na pale mjini Nairobi, na Januari 1975 akaajiriwa na kampuni moja ya bima, idara ya madai. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu taarifa za ajali: za madereva, za mashahidi, za waliogongwa. Hapo ndipo alipoanza kulichukia neno "ghafla". Alisema kila dereva mwenye makosa huliandika. Gari lilitokea ghafla. Ng'ombe aliibuka ghafla.

"Hakuna ng'ombe anayeibuka ghafla," alituambia jioni moja akivua viatu. "Ng'ombe hutembea. Ni wewe hukuwa unaangalia."

Tangu hapo hakuisamehe hadithi yoyote iliyotegemea neno hilo, hata ikiwa na magari kumi yanayolipuka.

Alikutana na Bedan Wachira mwaka 1981, katika ukumbi wa jamii wa Shauri Moyo, palipoonyeshwa filamu ya vita. Bedan alikuwa dereva wa lori la mkate, kijana wa Nyeri, na alikuwa ameketi safu ya mbele ya Koki. Koki alimnong'oneza jirani yake kwamba yule mwanajeshi mwembamba hatamaliza dakika tano. Bedan akageuka.

"Dada, hebu nyamaza kidogo, tunatazama."

"Tazama tu, kaka. Nikinyamaza, atapona?"

Mwanajeshi alikufa kabla Bedan hajairudisha shingo mbele. Filamu ilipokwisha, Bedan alimngoja mlangoni amuulize alijuaje.

"Ametoa picha ya mchumba wake mfukoni akaonyesha wenzake," Koki akamwambia. "Mwanajeshi akishafanya hivyo, mwage tu kwaheri."

Wazee wa pande zote mbili walikuwa na maswali yao, Ukambani na Nyeri, nayo yakajibiwa. Koki na Bedan walifunga ndoa kanisani tarehe 11 Desemba 1982, wakapanga nyumba Mbotela. Mwaka 1984 walijaliwa binti mmoja, Warigia, aliyepewa jina la mama yake Bedan. Bedan mwenyewe hakuwa mtu wa filamu. Ile ya 1981 aliingia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Mwaka 1991 jirani yetu, Bwana Shitanda, alifungua ukumbi wa video Mbotela: televisheni moja, deki moja, mabenchi manane. Kila Jumamosi saa nane mchana Koki alikuwa benchi la tatu, mara nyingi mwanamke wa pekee na daima mwenye umri mkubwa kuliko wote. Filamu ilipoisha vijana hawakutoka. Walimgeukia wamuulize kama ilikuwa nzuri.

"Niaje, mathe. Hii muvi imeweza?"

"Imeweza mikono," angejibu. "Kichwa bado."

Kisha angewaeleza. Aliwaambia kwamba mapigano mazuri ni mazungumzo, kila ngumi ijibu nyingine, na kwamba wanaume wawili wakipigana dakika kumi na hakuna aliyebadili nia, basi wangecheza karata tu. Alimheshimu adui mwenye sababu. Alimdharau shujaa asiyechoka. "Huyu amekimbia tangu asubuhi," aliwahi kusema, "na hajaomba hata maji. Mtu asiyeona kiu nitamwogopea nini?" Kuhusu filamu za kutisha alikuwa na msimamo mmoja: kushtuka si kuogopa. Paka akiruka kabatini unashtuka, kisha unacheka, kwisha. Bali ukijua kwamba mlango ulifungwa asubuhi, na sasa uko wazi, na mwenye nyumba anapika huku akiimba, hapo unaogopa, na hakuna aliyekupigia kelele.

Bwana Shitanda, ambaye yuko nasi hapa, anakiri kwamba aliacha kununua baadhi ya kanda kwa sababu alijua Koki angezikataa mbele ya wateja.

Mwaka 1993 habari hizi zilifika kanisani. Koki alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama, na baadhi yao hawakupenda katibu wao aketi na vijana akitazama maiti wakifufuka. Aliitwa mbele ya mchungaji na kamati. Kamene alikuwepo, na aliyasikia kwa masikio yake.

"Mama Warigia," mchungaji akasema, "mambo haya ya wafu kurudi unayaonaje?"

"Siyapendi, Mchungaji. Mtu akifa sehemu ya kwanza, asirudi sehemu ya pili. Ni uvivu wa mwandishi."

Mchungaji akaegemea meza. "Na Bwana wetu Yesu?"

"Yeye alisema mapema kwamba atarudi," Koki akajibu. "Tena mara tatu. Hao wengine hawakusema."

Mchungaji alicheka hadi akatoa leso. Kamati haikucheka. Koki aliambiwa achague kati ya ukatibu na video, akaurudisha muhuri wa kikundi siku hiyohiyo. Aliumia kuliko alivyoonyesha. Hata hivyo aliendelea kuwapigia taipu kumbukumbu za mikutano yao kila walipomwomba, na akina mama hao ndio walioleta kwaya leo. Tunawashukuru.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 1994. Mwanzoni aliuchukulia kama homa. Mwaka 1996 herufi zilianza kumpotea kwenye karatasi, na mwezi wa Agosti akaacha kazi. Kufikia Pasaka ya 1997 hakuona tena, isipokuwa mwanga wa dirishani.

Huo ndio uliokuwa wakati mgumu kuliko wote katika maisha yake, na familia haitauficha. Koki alikaa kwenye kiti cha sebuleni na kukataa redio, kukataa wageni, na wakati mwingine kukataa sindano yake ya asubuhi. Kamene alipomsihi, alisema, "Nichomwe ili nione nini?" Wiki moja aliikosa siku nne, tukamkimbiza hospitali akiwa hajitambui.

Aliporudi nyumbani Bedan alijaribu njia aliyoijua. Aliazima televisheni na deki, akaweka filamu, akaketi kando yake kumweleza.

"Sasa amempiga," Bedan akasema. "Sasa yule naye amempiga. Amempiga tena. Ameanguka."

Koki alianza kulia. Bedan akazima deki.

"Nimekosea wapi, Mama Warigia?"

"Baba Warigia, usinihesabie ngumi," Koki akamwambia. "Niambie huyu mtu anataka nini, na nani anamzuia. Ngumi nitazipiga mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Mzee Bedan alioga, akavaa koti, akaenda kwa Shitanda na kuketi benchi la tatu. Vijana walimpisha. Alifanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, mtu ambaye alikuwa akilala usingizi mbele ya taarifa ya habari. Jumapili baada ya ibada alimsimulia Koki alichokiona. Za kwanza zilikuwa mbovu, naye Koki hakuficha. Alimsimamisha kila mara. "Umesema amefungua sanduku. Alipata wapi ufunguo?" Bedan hakujua, kwa hiyo wiki iliyofuata alitazama funguo. Kidogo kidogo akajifunza, tena akajifunza na hila. Akifika mahali pazuri, pale ambapo mtu amesimama nje ya mlango na mkono uko kwenye kitasa, alinyamaza.

"Halafu?" Koki angeuliza.

"Sindano kwanza."

"Wachira! Hiyo si haki!"

"Ni wewe uliyenifundisha."

Hakukosa sindano tena. Daktari alitupongeza kwa nidhamu ya mgonjwa wetu, nasi tulipokea pongezi hizo bila maelezo.

Aprili 1998, wakati wa likizo, kaka yetu Kyule alileta Mbotela mashine ya gemu aliyoinunua mkononi mwa mtu, pamoja na gemu moja ya kutisha. Ndani yake kulikuwa na nyumba kubwa yenye giza, tochi, na risasi chache. Warigia, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alicheza, na mama yake alisikiliza. Ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake. Alitambua vyumba kwa mlio wa sakafu, na mara mbili alimwokoa Warigia kwa kusikia mtu akiburuta mguu nyuma ya ukuta.

Siku ya pili alitoa hukumu. "Kwenye filamu, mjinga ni yule anayefungua mlango, nawe unampigia kelele asiufungue," alisema. "Huku mjinga ni wewe. Hiyo ni hadithi nyingine kabisa."

Jambo moja tu hakulikubali. Kila chumba kilikuwa na barua iliyoachwa na marehemu, na Warigia alimsomea zote kwa sauti. Moja iliishia katikati ya neno, kwa kuwa mwandishi alishambuliwa akiiandika.

"Anakimbizwa na jini, kalamu anapata wapi?" Koki akauliza. "Mimi nimepiga taipu taarifa za ajali miaka ishirini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeandika yake akiwa chini ya lori."

Kyule alicheka hadi Warigia akauawa kwenye skrini. Tulicheka sana mwaka huo wa 1998. Familia inamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Juni 1999 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa. Aliruhusiwa mwezi wa Julai, akalazwa tena Septemba. Jumatano tarehe 22 Septemba, saa za mchana za kutazama wagonjwa, Bedan alifika na filamu ya Jumamosi. Kamene alikuwa upande wa pili wa kitanda. Ilikuwa habari ya mama mmoja dereva wa basi aliyetekwa na majambazi pamoja na abiria wake, na kiongozi wa majambazi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Bedan aliisimulia polepole, na Koki alifumba macho kama afanyavyo mtu anayetazama. Basi lilifika darajani, mama yule akazima injini, akageuka kwenye kiti.

Bedan akanyamaza. Koki akangoja.

"Baba Warigia, sindano nimeshachomwa asubuhi."

"Si hivyo," Bedan akasema. "Hapo ndipo stima zilipopotea. Shitanda aliturudishia pesa."

"Basi malizia wewe."

Bedan alifikiri. Akasema yule mdogo mtu aliweka bunduki chini, wakakumbatiana, na abiria wote wakafika nyumbani salama.

Koki aliutafuta mkono wake, akaushika. "Hiyo umeiweka kwa ajili yangu," alisema. "Sitaki ya kunipoza. Jumamosi rudi ukatazame walivyomaliza wao."

"Nitarudi."

"Utazame vizuri."

Alilala baada ya kengele ya kutoa wageni. Alituacha kesho yake asubuhi, Alhamisi tarehe 23 Septemba 1999, saa moja kasorobo, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Jumamosi tarehe 25, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, mzee Bedan alivaa koti akatoka bila kuaga. Kamene na Warigia walimfuata, wakamkuta kwa Shitanda. Shitanda alikuwa amefunga ukumbi kwa sababu ya msiba, lakini aliufungua, akawasha deki, akamwachia aketi peke yake. Bedan alitazama sehemu iliyobaki yote, hadi majina yakaisha. Aliporudi nyumbani watu walimpisha njia kwa heshima, na Warigia akamuuliza mbele ya wote mwisho ulikuwaje.

"Daraja lilianguka," mzee akasema. Akaketi, akavua kofia. "Ghafla."

Warigia ndiye aliyeanza kucheka, kisha Kyule, kisha Mama Wavinya, na mwishowe mzee Bedan mwenyewe, huku machozi yakimtoka.

Marehemu ameacha mumewe, Bedan Wachira. Binti yao, Warigia. Mama yake mzazi, Mama Wavinya Muindi. Mama mkwe wake, Bibi Warigia wa Mukurwe-ini. Kaka yake Kyule na mdogo wake Kamene. Wapwa, mashemeji, wifi, na majirani wengi wa Mbotela na Shauri Moyo. Baba yetu, Mzee Muindi Wathome, alimtangulia mwaka 1988.

Dada yetu Koki, lala salama. Bwana akupe pumziko lake.