Bibi Naomi Lukasi, Mama Asiyetulia (1944–2025)

Bibi Naomi Lukasi alizaliwa Msowero tarehe 14 Machi 1944, na kwa maneno ya mama yake, alitembea kabla ya kujua kukaa. Alisoma hapo hapo hadi darasa la nne. Mwalimu alimpa kazi ya kupiga kengele, maana dawati lilimshinda.

Alifanya kazi ya mkonge Rudewa, kisha akapika kwenye nyumba ya wageni Mikumi hadi mwaka 2003. Mwaka 1966 aliolewa na Vitalis, mfanyakazi wa reli Kilosa, aliyekuwa akisema treni ya Kigoma hukaa stesheni muda mrefu kuliko mkewe anavyokaa nyumbani. Vitalis alitangulia mwaka 2009.

Juni 2024, akiwa Mikumi kwa binti yake Doto, aliteleza uani akavunjika nyonga. Madaktari wa Morogoro walieleza kwamba nyonga ya bandia ingemsimamisha tena, ila moyo wake ulikuwa ukiruka mapigo na ungeweza kugoma wakati wa upasuaji. Wanawe walitaka arudi nyumbani, auguzwe kitandani.

"Mkinilaza," aliwaambia, "nitakufa kwa hasira kabla moyo haujapata nafasi."

Wakatia saini fomu ya upasuaji.

Alichomwa ganzi ya mgongo, akabaki macho. Nyaya za kifuani zilipeleka mapigo yake kwenye mashine iliyolia kwa kila pigo. Mtaalamu wa usingizi, Melkizedek, Mnyamwezi, hakuiondolea macho. Katikati ya kazi mlio ukavurugika. Melkizedek akainua mkono, nyundo ya daktari ikanyamaza. Akapitisha dawa mshipani, na ili ajue kama mgonjwa bado yupo, akamchokoza.

"Mtani, nyie Wasagara mnajua kukimbia tu. Unanikimbia?"

"Nikimbilie wapi, na umenifunga kama mbuzi wa mnada? Tazama televisheni yako, mpagazi."

Mlio ukatulia. Kufikia Krismasi alikuwa akienda kanisani kwa miguu, akimsimulia hayo kila aliyempa shikamoo.

Asubuhi ya tarehe 8 Februari 2025, hapa Kilosa, mwanawe Goodhope alimkuta kizingitini, viatu miguuni, moyo umesimama. Alipompigia Doto simu alisema tu, "Mama amekaa."

Ameacha watoto watatu, Goodhope na mapacha Kulwa na Doto, wajukuu saba na vitukuu wawili. Melkizedek naye amefika. Amedai abebe jeneza upande wa mbele, kwa kuwa upagazi alipewa na marehemu mwenyewe.

Bibi Naomi apumzike kwa amani, akiweza.