Mama Stoo Anaondoka na Kikombe Chetu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa kumi alasiri, Mama Stoo atafunga mlango wa stoo ya shule yetu kwa mara ya mwisho, akiwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika muda huo wamepita walimu wakuu saba, na wote saba, kwa ushahidi wa daftari lake, waliwahi kunyimwa kitu.

Alianza kama mfagizi wa madarasa. Mwaka wake wa tatu, mtunza stoo wa wakati huo aliugua, naye akaombwa ashike funguo kwa wiki mbili. Hajazirudisha mpaka leo. Alikuta chaki zimelowa, mipira haina upepo, na majembe kumi na tisa yaliyoandikwa kuwa arobaini. Akaweka sheria moja: leta cha zamani, uchukue kipya. Anayetaka fagio alete mpini. Anayetaka chaki alete kipande kilichobaki. Mwalimu wa hisabati aliwahi kurudishwa mara mbili kwa siku moja kwa sababu kipande chake, kwa maneno ya Mama Stoo, kilikuwa "bado kijana." Tumecheka sana, lakini chaki hatujawahi kukosa.

Huwezi kumweleza Mama Stoo ukaliacha gari lake. Ni gari dogo jekundu, fupi kwa nyuma, lenye umri wa miaka ishirini na miwili. Injini yake ina tabo, yaani chuma chenye umbo la konokono kinachosukuma hewa ndani ili gari dogo likimbie kama kubwa. Tabo hiyo ilipiga mluzi kila alipokanyaga mafuta, ndiyo maana gari likaitwa Chiriku. Walimu walipomuuliza mama mtulivu kama yeye anatafuta nini kwenye gari la vijana, alijibu kwamba utulivu wote anaumalizia kazini.

Chiriku amezeeka kwa gharama. Rejeta, klachi, shokomzoba: kila kipuri huagizwa mbali, kwa sababu magari ya aina hiyo yamekwisha mjini. Fundi wake, mwenye karakana nyuma ya ukuta wa shule, humwita "mwajiri wangu." Kila kipuri kibovu kilichofunguliwa, Mama Stoo alikifunga kwenye karatasi, akaandika tarehe, akakiweka stoo ndani ya sanduku chini ya meza yake. Miaka mitatu iliyopita tabo nayo ikafa. Tangu hapo Chiriku akawa anakwenda bila mluzi, taratibu, kama gari linalosindikiza maharusi. Kwenye tambarare hakuna tabu. Kwenye mlima anazima.

Na mlima ndio uliokuwa ukimsubiri. Dada yake mkubwa, mwenye magoti mabovu, anaishi peke yake juu kabisa. Mama Stoo alimwahidi kwamba akistaafu atahamia kwake, na atampeleka hospitali kila mwezi kwa gari. Tabo mpya iligharimu mishahara ya miezi minne. Muuza vipuri akamwambia kwamba akileta ile ya zamani, atalipa nusu tu. Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Mama, leo umekutana na mwenzako!" alisema. Nusu aliyotakiwa kulipa Mama Stoo alikuwa nayo. Akaenda kwenye sanduku. Kila kipuri kilikuwepo, isipokuwa tabo.

Alipekua stoo siku tatu. Akahesabu upya hata vifutio.

Siku ya michezo ikafika, akaombwa amkabidhi kikombe nahodha wa timu ya kijani. Kikombe chetu tunakijua wote: kizito, cha rangi ya dhahabu, kimejikunja, kina utepe. Alikuwa amekipigia makofi miaka miwili mfululizo, akiwa amekaa safu ya nyuma. Sasa alikishika kwa mara ya kwanza. Akakipima uzito. Akaingiza kidole ndani, na kitu kama feni ndogo kikazunguka. Nahodha akavuta. Mama Stoo hakuachia. Nahodha akavuta tena, na wazazi wakashangilia wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mwalimu wa michezo alikuwa akitazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyeachiwa funguo wiki moja ambayo Mama Stoo alienda likizo, likizo yake pekee. Kikombe cha awali kilikuwa kimevunjika, akaona chuma kizuri sandukuni, akanunua rangi.

Tulidhani atakichukua tu, kwani ni mali yake. Lakini nahodha, binti asiyeogopa mtu, alisema mbele ya uwanja mzima: "Mama, na wewe leta kipya ndiyo uchukue cha zamani!"

Mama Stoo akaachia, kwa sababu sheria ni yake mwenyewe.

Jumatatu alirudi na springi ya zamani ya Chiriku, imechomelewa gia yenye mapengo juu yake, yote imepakwa dhahabu. Kikombe hiki kipya kinanesa ukikiweka mezani, na timu ya kijani wanakipenda kuliko cha kwanza. Nahodha alisaini daftarini. Fundi alikwangua dhahabu siku mbili, lakini muuza vipuri bado alipiga simu kuuliza kwa nini tabo imeandikwa "Mabingwa." Hata hivyo aliipokea.

Jumanne iliyopita, tukiwa katikati ya mtihani wa jiografia, mluzi ulisikika kutoka karakana mpaka langoni. Msimamizi alituamuru tutazame karatasi zetu. Yeye mwenyewe alikuwa dirishani.

Asante, Mama, kwa kila chaki na kwa kila "hapana." Panda mlima salama. Tunakuombea siku njema wewe na dada yako, na Chiriku asiishiwe pumzi.

Mtunza stoo mpya anaanza kazi Jumatatu. Tumemwandika kwenye daftari kama sheria inavyotaka, chini ya "Kilichopokelewa." Kwenye safu ya "Kilichorudishwa" tumeandika: "Hakuna. Wa zamani bado tunamhitaji."